Ngano, samadi, mbolea ya dukani na bakteria wa kupaka mbegu: maswali ninayoulizwa kila msimu

Mi nalima ngano huku Karatu, udongo wetu mwekundu wa mlimani, na kuanzia Novemba mpaka mvua za masika zinapokaa sawa simu haipumziki, watu wa Monduli, watu wa Hanang, West Kilimanjaro, mpaka majirani wa Narok na Njoro kule Kenya wote wanauliza mambo yanayofanana. Nimeona bora niyaandike sehemu moja nijibu kwa kirefu pale panapohitaji urefu. Kwingine jibu ni fupi na halihitaji maneno mengi.

Kwa nini nihangaike na vitu vitatu? Si niweke DAP ya kupandia na urea ya kukuzia nimalize?

Unaweza, na mwaka wa kwanza wa pili utavuna vizuri tu. Shida inakuja taratibu. Mbolea ya dukani inalisha mmea, hailishi udongo, kwa hiyo kila msimu unatoa nafaka, unatoa mabua, ng'ombe wanamalizia yaliyobaki, na udongo unabaki mwepesi kama vumbi la barabarani. Mvua ikinyesha maji yanakimbia, jua likiwaka siku kumi ngano inasinyaa, na ile mbolea uliyolipia inaondoka na maji au inang'ang'aniwa na udongo.

Samadi inafanya kazi nyingine kabisa. Inashika maji, inalegeza udongo mizizi ishuke, inaleta na vile virutubisho vidogo ambavyo hamna kwenye mfuko wa DAP, na ndo chakula cha viumbe hai wa udongoni. Bakteria nao wana kazi yao ya tatu, kuongeza mizizi na kufungua fosforasi iliyofungwa. Hakuna kati ya hivi vitatu kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake, na hilo ndo jambo moja ambalo ningependa mtu aondoke nalo hapa hata kama hatasoma mengine.

Kuna shamba moja Uingereza linaitwa Broadbalk, pale Rothamsted, wanapanda ngano tangu 1843 mpaka leo, kuna kipande hakijawahi kupewa kitu, kuna kipande cha samadi tu, kuna vipande vya mbolea za chumvi (kama hizi za dukani) tu. Kile kisichopewa kitu kinatoa kama tani moja kwa hekta, yani gunia nne kwa heka. Cha samadi na cha mbolea kamili vimekuwa vinakaribiana sana kwa miaka mingi. Lakini walipoleta mbegu fupi za kisasa mwaka 1968 na kuongeza naitrojeni juu ya kipande kimojawapo cha samadi, mchanganyiko ule ukawa unazipita mbolea peke yake na samadi peke yake. Ila ujue na hili, samadi yao ni tani 35 kwa hekta kila mwaka, kama tani 14 kwa heka! Huku kwetu nani ana tani 14? Ndo maana sisi tunachanganya.

Mababu walilima kwa samadi tupu, mbona sisi tunaambiwa haitoshi?

Mababu walikuwa na shamba dogo na ng'ombe wengi, na walipumzisha ardhi. Leo mtu ana heka 20 na ng'ombe sita. Ng'ombe wa kienyeji anayechungwa mchana anaacha nusu ya kinyesi huko malishoni, unachokusanya bomani ni shida kufika tani moja kavu kwa mwaka kwa kila mmoja. Ng'ombe sita kwa heka 20 ni kilo 300 kwa heka. Hiyo kwenye ngano hata hutaiona.

Kwa hiyo usiisambaze kidogo kidogo shamba zima. Chagua heka mbili zilizochoka zaidi uziwekee za kutosha, mwakani uhamie nyingine mbili. Samadi inaendelea kutoa virutubisho miaka mitatu minne, haipotei.

Hebu nipigie hesabu ya heka moja, niweke nini na nini?

Haya tuhesabu kwa lengo la gunia 12 za kilo 100, ambalo ni lengo la kawaida kwa mtu anayejali shamba lake. Ngano yenye protini asilimia 12 ina naitrojeni kama kilo 21 kwenye kila tani ya nafaka, kwa hiyo gunia 12 zinaondoka na kilo 25 hivi, ongeza kilo 7 za mabua, unafika 32.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP una naitrojeni kilo 9 na fosfeti kilo 23. Mfuko wa urea una naitrojeni kilo 23. Ukiweka mmoja na mmoja unapata 32 kamili kwenye karatasi, lakini ngano inashika nusu tu ya unachoweka, mara nyingi hata pungufu, inayobaki inapeperuka, inashuka na maji au inabaki udongoni, na pengo linazibwa na naitrojeni ya udongo wenyewe. Sasa udongo ukiwa umechoka hilo pengo halizibwi, ndo unaona mtu anaweka mifuko miwili anavuna gunia sita analalamika mbolea ni feki.

Sasa ingiza samadi. Tani nne kwa heka, iliyoiva vizuri, yenye naitrojeni asilimia 1.2, ina kilo 48, ila mwaka wa kwanza inayoachiwa ni kama robo, kilo 12. Hapo ukiweka nusu mfuko wa DAP kupandia na nusu mfuko wa urea kukuzia una kilo 16 nyingine, jumla 28, na udongo sasa unashika maji na unaachia polepole. Mwaka wa pili bado ile samadi inaendelea. Mi ndo ninavyofanya, na sishuki chini ya nusu na nusu mwaka wa kwanza hata kama samadi ni nzuri kiasi gani, maana watu wengi wanaacha mbolea ya dukani ghafla halafu wanasema samadi imewaangusha.

Hii ni hesabu ya kuanzia, sio amri. Kama umepima udongo fuata majibu ya maabara, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian pale Arusha ni watu wa kuwauliza kwa ukanda wetu wa kaskazini, Uyole kwa nyanda za juu kusini, na wa Kenya wana KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo, pale Njoro.

Tani nne nitazijuaje bila mzani?

Heka ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo tani nne ni kilo moja kila mita ya mraba. Pima kilo moja ya samadi yako, imwage kwenye mita moja kwa moja, isambaze kwa mkono, angalia inavyofunika ardhi, basi hiyo picha ibaki kichwani kwako na kwa kibarua wako wakati wa kusambaza. Ni njia rahisi na haidanganyi.

Samadi ya boma la Kimasai ni nzuri? Wanauza tripu za lori huku.

Ni nzuri lakini angalia unanunua nini. Boma la zamani lililokaa juani miaka limeshapoteza naitrojeni nyingi, ikiwa bado mbichi na ikakuchoma pua jua kabisa hiyo ndo naitrojeni inaondoka hewani. Fosforasi na potasiamu zinabaki, kwa hiyo bado inafaa sana, ila usiipigie hesabu ya 1.2, piga 0.7 au 0.8. Kingine ni vumbi na mawe, tripu nyingine nusu yake ni udongo. Chukua kiganja, loweka kwenye chupa ya maji, tikisa, acha itulie, mchanga utakaa chini utauona kwa macho.

Ya mbuzi na kondoo ni kali zaidi ya ng'ombe, nunua ukiipata.

Nitajuaje samadi imeiva?

Rundika lundo la urefu wa kiuno hivi, lowanisha mpaka ukikamua kiganjani yatoke matone mawili matatu, funika na mabua au majani ya migomba, choma mti mrefu katikati mpaka chini. Siku ya nne ya tano uchomoe ule mti. Ukiwa wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, lundo linafanya kazi. Ukitoka wa baridi na mkavu ongeza maji, ukitoka wa baridi na unanuka geuza lundo lipate hewa. Joto la nyuzi 55 mpaka 65 likikaa siku kadhaa linaua mbegu za magugu, na hili kwenye ngano ni kubwa sana kwa sababu huwezi kupalilia mistari ya sentimita 20 kwa jembe, magugu uliyoyaleta na samadi mbichi utayalipia dawa.

Geuza mara mbili tatu ndani ya miezi miwili mitatu. Ikiiva haina harufu ya choo, ni nyeusi, inamung'unyika, na huwezi kutofautisha hii ilikuwa nyasi na hii kinyesi. Ukisambaza, ilimiwe ndani siku hiyo hiyo, usiiache juu ya ardhi wiki nzima unasubiri trekta.

Na ya kuku?

Ina nguvu mara mbili na zaidi ya ya ng'ombe, tani moja moja na nusu kwa heka inatosha. Ina chumvi, ikiwa mbichi na karibu na mbegu inaunguza miche. Iivishe kwanza.

Hao bakteria wa kupaka mbegu ni kina nani na wanafanya nini hasa?

Mara nyingi kwenye lebo utakuta azospirila, azotobakta, basila au pseudomona. Watu wanauziwa kwamba ni naitrojeni ya bure toka hewani, na ni kweli azospirila na azotobakta wanaweza kuchukua naitrojeni ya hewa, lakini kwenye ngano hicho sio kitu kikubwa wanachofanya. Kikubwa ni kwamba azospirila anatoa homoni inayofanya mzizi utoe matawi mengi na vinyweleo vingi, kwa hiyo mmea unafika mbali zaidi kutafuta maji na mbolea ile ile uliyoweka. Basila na pseudomona wengine wanatoa asidi zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma na aluminiamu kwenye udongo wetu mwekundu, au iliyoshikwa na kalsiamu kwenye udongo wa magadi.

Waliokwenda mbali na jambo hili ni Brazil. Mtafiti Johanna Döbereiner ndo alimtoa azospirila gizani miaka ya 1970, na baadaye Mariangela Hungria wa shirika lao la utafiti la Embrapa akachagua aina za kutumika kwenye mahindi na ngano, mama huyu amepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2025. Kwa hiyo sio uganga, ni sayansi ya miaka mingi.

Lakini naomba tuambizane ukweli wa ukubwa wake. Majaribio mengi ya azospirila kwenye ngano yakikusanywa pamoja, ongezeko la wastani linazunguka asilimia 9. Kwenye gunia 12 hiyo ni gunia moja. Gunia moja kwa gharama ya pakiti chache ni faida nzuri, naipokea kwa mikono miwili, ila mtu akikuambia bakteria wake wanaongeza mara mbili na mbolea uache, mkimbie.

Kaka, nina ule unga wa bakteria nilioutumia kwenye maharage, si naweza kuupaka kwenye ngano?

Hapana dada yangu, usiupoteze. Ule ni rizobia, anafanya kazi kwa kuingia kwenye mzizi wa jamii ya mikunde na kujenga vinundu, ngano haina vinundu. Upake kwenye maharage au soya, kisha ngano ifuate hapo msimu unaokuja, hapo ngano itafaidika na mabaki. Kwa mikunde mi napenda zaidi ngwara na dengu kabla ya ngano, dengu hasa kwa wenye udongo wa mbuga maana inamalizia unyevu uliobaki.

Napakaje mbegu? Nieleze hatua kwa hatua maana pakiti imeandikwa Kiingereza cha shida.

Pakiti nyingi za unga zinaenda gramu 200 kwa kilo 10 za mbegu, heka ya kilo 40 hadi 50 ni pakiti nne au tano, lakini kama yako inasema tofauti fuata yako.

Jioni chemsha lita mbili za maji na gramu 200 za sukari guru ikayeyuke, uache ipoe kabisa usiku kucha, na maji ya bomba yenye dawa usiyatumie kama una ya mvua au kisima. Asubuhi na mapema kabla jua halijapanda tandika turubai chini ya mti, mwaga mbegu, koroga unga ndani ya ile sukari guru mpaka uwe uji mwepesi mweusi, kisha mwagia kidogo kidogo huku mwenzako anageuza kwa mikono. Usimwage wote kwa mkupuo, ngano inakunywa haraka na itaganda mabonge. Unachotafuta ni kila punje iwe imevaa koti jembamba jeusi, linang'aa kidogo, ukishika mkono unabaki na doa lakini hautiririki. Tandaza hapo hapo kivulini nusu saa mpaka punje ziachane, zisiposhikana ndo ziko tayari kuingia kwenye planta, yani mashine ya kupandia. Panda siku hiyo hiyo, na funika, usiache mbegu wazi juani maana jua linaua bakteria ndani ya muda mfupi sana.

Halafu tanki la mbegu na tanki la mbolea viwe mbali mbali. Kuchanganya mbegu iliyopakwa na DAP kwenye tanki moja ni kuwaua, mbolea ni chumvi.

Mbegu yangu imeshawekwa dawa ya fangasi, rangi nyekundu. Bado nipake?

Dawa nyingi za fangasi zinaumiza bakteria, nyingine zaidi nyingine kidogo, na zenye kopa (shaba) ndo mbaya kabisa. Kama dawa lazima iwepo, na mara nyingi lazima kwa sababu ya ugonjwa wa fugwe, basi dawa inatangulia, ikauke kabisa, bakteria wanapakwa mwisho muda mfupi kabla ya kupanda. Njia nyingine ninayoiona bora kwa mbegu yenye dawa ni kuchanganya ule unga na samadi iliyoiva yenye unyevu kidogo, kama kilo 50 hivi, uache kivulini siku moja mbili, kisha uisambaze kwa heka na kuilimia ndani jioni. Hapo bakteria wanaingia shambani na chakula chao mkononi.

Nilitumia bakteria msimu uliopita sikuona tofauti yoyote. Nimeibiwa?

Inawezekana umeibiwa, inawezekana pia walikufa kabla hawajafika shambani. Mara yangu ya kwanza nilinunua pakiti nane mjini, nikaziweka kwenye buti la gari siku mbili nzima nikizunguka na shughuli nyingine, jua la Februari mnalijua, kisha nikazichanganya na mbolea kwenye tanki moja ili kuokoa muda wa trekta. Nilipanda bakteria waliokufa. Sikupata chochote na nilikasirika na bidhaa mwaka mzima, mpaka nilipokuja kuelewa makosa yalikuwa ya kwangu mwenyewe, kosa moja kwenye buti na lingine kwenye tanki.

Kwa hiyo dukani angalia tarehe ya mwisho, uliza zilikuwa zinakaa wapi, ukiona ziko dirishani zinapigwa na jua acha. Chukua risiti. Hapa Tanzania mbolea na bidhaa za namna hii zinatakiwa ziwe zimesajiliwa na TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, omba namba ya usajili, muuzaji asiye na cha kuficha hatachukia.

Sababu nyingine za kutoona tofauti: udongo wenye tindikali kali, udongo usio na mboji kabisa ambapo mgeni hana cha kula, au shamba ulilolijaza naitrojeni mpaka mmea hauna shida ya kutafuta. Bakteria wanaonekana zaidi kwenye mbolea ya wastani kuliko kwenye mbolea nyingi.

Mbolea ya Minjingu inafaa kwenye ngano?

Inafaa na mi naipenda kwa sababu ni ya hapa hapa, Babati, na chanzo chake kinanivutia sana, ni kinyesi cha ndege na mifupa ya samaki vilivyolundikana kando ya ziwa la kale, yani hata hii ambayo watu wanaiita mbolea ya kiwandani ilianza kama samadi. Ila jiwe la Minjingu likisagwa tu linayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali) chini ya 6 na vizuri zaidi chini ya 5.5. Kwenye udongo wa magadi au mbuga yenye kalsiamu litakaa pale kama mchanga, tumia DAP au TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni.

Ujanja wangu ni kunyunyizia unga wa Minjingu ndani ya lundo la samadi wakati wa kurundika, tabaka la samadi, vumbi kidogo, tabaka jingine. Asidi za lundo na bakteria wanaanza kulivunja miezi miwili kabla ya kupanda.

Huku Hanang tuna mbuga nyeusi inayopasuka, ushauri ni ule ule?

Sio wote. Mashamba ya Basotu yaliyofunguliwa na mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada kuanzia miaka ya 1970 yako kwenye udongo wa namna hiyo, una nguvu ya asili kuliko wetu lakini ukilowa trekta haliingii na ukikauka unapasuka unakata mizizi. Samadi kwenu ni ya kulegeza zaidi kuliko ya kulisha, isambazeni mapema kabisa wakati wa kiangazi, na acheni mabua juu. Na urea juu ya mbuga bila kuifukia, naitrojeni inaruka hewani, subiri mvua iko karibu.

Huku Uasin Gishu, Kenya, tunaambiwa udongo umekuwa na tindikali kwa sababu ya DAP. Tuache?

DAP ya miaka mingi mfululizo inaongeza tindikali kweli, amonia ikigeuka naitreti udongoni inaacha asidi nyuma. pH ikishuka chini ya 5 aluminiamu inaachiwa na inakata ncha za mizizi ya ngano, unakuta mizizi mifupi minene kama vidole vilivyovimba, na hapo hata bakteria bora hawatakusaidia. Kwanza chokaa ya kilimo, kwa kipimo cha maabara, iingie miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Samadi inasaidia kushika ile aluminiamu. Kupandia tumieni NPK au TSP na kukuzia CAN, acheni urea na DAP zipumzike kidogo.

Mbolea ya kukuzia niweke lini?

Wakati ngano inatoa machipukizi na kabla shina halijaanza kupanda, kwetu ni kama wiki ya nne ya tano baada ya kuota. Kamua shina kwa vidole, ukisikia pingili ya kwanza imeshatoka ardhini, umechelewa kidogo ila bado weka. Kuwe na unyevu.

Kama uliweka samadi nyingi punguza hapa, sio kwenye kupandia. Naitrojeni ikizidi ngano inakuwa ya kijani ya kupendeza halafu inalala yote kwenye mvua ya mwisho, kombaini inaokota nusu, na ugonjwa wa kutu unapenda sana majani laini namna hiyo. Sisi ni ukanda wa kutu ya shina, ile aina iliyotisha dunia inaitwa Ug99 kwa sababu ilitambuliwa Uganda na mwaka ulikuwa 1999. Samadi haitibu kutu wala bakteria hawatibu kutu, hapo ni mbegu yenye ukinzani na dawa kwa wakati.

Mabua nichome ili bakteria wa magonjwa wafe?

Usichome kabisa, unachoma kaboni unayoitafuta kwenye samadi kwa gharama ya lori. Ila ukilimia mabua mengi karibu na kupanda, ngano changa itakuwa ya njano, kwa sababu mabua yana kaboni mara 80 ya naitrojeni na viumbe wanaoyaozesha wanakopa naitrojeni ya udongo. Limia mapema, au ongeza naitrojeni kidogo mwanzoni. Vizuri zaidi yapite kwenye zizi, yawe malalo ya ng'ombe, yarudi shambani yakiwa samadi yaliyonyonya mkojo, maana mkojo ndo wenye naitrojeni nyingi na ndo tunaoupoteza kila siku kwenye sakafu ya udongo.

Kuna mtu anauza maikoriza aliyoichachusha kwenye ndoo na molasesi. Ni ya kweli?

Maikoriza ya ngano ni fangasi asiyeishi bila mzizi hai, hawezi kuzalishwa kwenye ndoo ya molasesi. Kilichochacha humo ni hamira na bakteria wengine, kinaweza kusaidia lundo la mboji kuoza haraka, basi. Ukitaka maikoriza yako ya asili ishamiri usirundike fosforasi kupita kiasi, punguza kulima mara nyingi, na usiache shamba tupu mwaka mzima.

Masuke yangu ni meupe, yamejikunja na hayana punje, nimeweka kila kitu!

Kama uko kwenye udongo wa majivu ya volkano wa Bonde la Ufa, Nakuru na Njoro hasa, angalia kopa. Upungufu wa kopa kwenye ngano kule unajulikana tangu zamani na hautibiwi na DAP wala urea. Kopa kidogo ya kunyunyizia majani kabla ya kutoa masuke inarekebisha. Samadi inapunguza mengi ya matatizo ya namna hii lakini kopa ikiwa haipo kabisa haipo.

Hela yangu ni ndogo mwaka huu. Nianze na kipi?

Samadi uliyonayo nyumbani, iivishwe vizuri, iende kwenye kipande kimoja. Baada ya hapo nusu mfuko wa kupandia. Baada ya hapo nusu mfuko wa kukuzia. Bakteria ni wa mwisho, sio kwa sababu hawafai, ni kwa sababu wanahitaji hivyo vingine viwepo ndo waonekane. Nimeona vijana wananunua chupa za bei ghali wanapaka mbegu wanapanda kwenye udongo mtupu, inauma kuangalia.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba mchanganyiko umelipa na sio mvua tu ilikuwa nzuri?

Acha ukanda. Upana wa planta moja, kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho, usiweke bakteria. Ukanda mwingine usiweke samadi. Weka vijiti vya rangi maana utasahau, nakuhakikishia.

Wiki ya tatu chukua jembe uchimbe miche kumi kila ukanda, usiivute, chimba. Itikise taratibu. Mche wenye mizizi mizuri unatoka umevaa udongo kama soksi, umeng'ang'ania vinyweleo na haudondoki, na mche wenye njaa mzizi wake unatoka mweupe na uchi.

Wakati wa kuvuna tengeneza fremu ya miti ya mita moja kwa mita moja, itupe sehemu tano kila ukanda bila kuchagua, kata kila kilichomo, piga, pepeta, pima kwa mzani mdogo wa dukani. Gramu 300 kwa mita ya mraba ni gunia 12 kwa heka. Gramu 330 ni zaidi ya gunia 13. Andika kwenye daftari na tarehe ya mvua, na ule ukanda usio na samadi usiuwekee samadi mwaka unaofuata pia, maana samadi inaanza kusema yenyewe msimu wa pili na wa tatu.